Hodi ya Asiyejulikana: Mawaidha Juu ya Simu za Hadaa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Ajuaye ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hata hajapewa utume, na ziwashukie aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, mliohudhuria hapa na ninyi mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu katika kauli na katika vitendo.

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Jabir bin Abdillah, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa shauri la deni aliloliacha baba yake. Akabisha mlango. Alipoulizwa ni nani, akajibu kwa neno moja tu, kwamba ni yeye. Mtume akalikariri neno lile kana kwamba amelichukia. Wanavyuoni wetu wamelieleza jambo hili kwa maneno mepesi: kila abishaye hodi ni "mimi", mwema ni "mimi" na mwizi ni "mimi". Neno hilo halimtambulishi mtu. Aliye nje yampasa ataje jina lake, ili aliye ndani ajue anamfungulia nani.

Tumeanza na mlango wa Jabir kwa sababu hivi leo kila mmoja wetu ana mlango anaotembea nao mfukoni. Simu ya mkononi hubishwa hodi usiku na mchana, tukiwa sokoni, tukiwa mezani, na, Mwenyezi Mungu atusamehe, hata tukiwa katika safu ya sala. Na ubaya wa leo umepita ule wa kutojitaja. Jabir hakutaja jina, lakini aliyesimama mlangoni alikuwa ni Jabir. Anayetupigia leo hutaja jina kamili na cheo, na namba ikaonekana juu ya kioo cha simu, kumbe jina si lake wala namba si yake. Kwa hila hiyo watu wamenyang'anywa akiba za umri mzima. Basi tumeona inafaa tueleze jinsi hila hiyo inavyofanywa, na yale yanayompasa mwenye kupigiwa. Kisha tutasema na wale wa kwetu wanaoshiriki katika kazi hiyo, kwa maana wamo.

Tuanze na nchi ya Marekani, kwa kuwa huko ndiko maradhi haya yalikokomaa, na huko ndiko dawa nyingi zilikojaribiwa. Nao wako huko maelfu ya ndugu zetu wasemao Kiswahili, ambao simu hizi huwafikia kama zinavyowafikia wenyeji. Huko ayari hana haja ya kukaa kitako akapiga simu moja moja. Kompyuta hupewa orodha ya namba, ikazipiga kwa maelfu, na anayeitikia hukutana na sauti iliyokwisha rekodiwa. Sauti humwambia kwamba anadaiwa kodi, au kwamba dhamana ya gari lake inakwisha, au kwamba hati ya kukamatwa kwake imekwisha andikwa, na kwamba abonyeze tarakimu moja ili azungumze na afisa. Gharama ya kupiga simu kwa njia ya intaneti ni ndogo mno, hata mtu akipiga simu elfu kumi akampata mjinga mmoja, tena si mjinga bali ni mwenye hofu, amekwisha pata faida.

Watu wengi hudhani kwamba namba ionekanayo kwenye kioo imekaguliwa na kampuni ya simu kabla ya kuonyeshwa. Sivyo hivyo. Mitambo ya simu ilifundishwa kupashana habari hizi katika miaka ya 1970 na 1980, zama ambazo makampuni ya simu yalikuwa machache nayo yakiaminiana. Namba ya mpigaji ni habari inayotangulizwa na upande unaopiga, na upande unaopokea huichukua kama ilivyoletwa. Mfano wake ni jina la mpelekaji linaloandikwa nyuma ya bahasha. Posta huipeleka barua kwa anuani iliyo mbele. Haimwiti mtu na kumuuliza kama jina la nyuma ni lake kweli. Zilipokuja simu za intaneti, kalamu ya kuandikia nyuma ya bahasha ikaingia mikononi mwa kila mwenye kompyuta. Basi ayari huandika apendalo. Akitaka huandika namba ya benki, akitaka ya kituo cha polisi. Na mara nyingi huandika namba yenye tarakimu za mwanzo za mji wa huyo anayempigia, ili adhani kwamba ni jirani, au ni shule ya mtoto.

Yaliyotokea baina ya 2012 na 2016 yatosha kuwa funzo. Katika mji wa Ahmedabad, India, yalikuwako majumba ambamo vijana walikaa na simu masikioni, wamepewa maneno ya kusoma. Walijifanya maafisa wa Idara ya Kodi ya Marekani, au maafisa wa Uhamiaji. Kila waliyempata walimwambia anadaiwa, na kwamba asipolipa mara moja atakamatwa, au atatozwa faini, au atafukuzwa nchini. Aliyeingiwa na hofu alielekezwa aende dukani akanunue kadi za fedha, kisha awasomee tarakimu zake kwa simu. Serikali ya Marekani ilipofungua mashtaka Oktoba 2016, waliokwisha julikana kudhulumiwa hawakupungua watu 15,000, na mali iliyokwenda ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola. Julai 2018 mahakama ya Houston, Texas, iliwahukumu 21 miongoni mwa washirika wa njama hiyo, na kifungo kirefu kupita vyote kilikuwa cha miaka 20.

Na ni akina nani walioliwa? Wengi walikuwa wazee, na wahamiaji. Mgeni huliogopa neno "Uhamiaji" kuliko mwenyeji aliogopavyo neno "polisi". Amekuja na watoto, makaratasi yake hayajakamilika au amekwisha yakamilisha lakini moyo haujatulia, na lugha bado haijamkaa ulimini. Anayempigia analijua hilo. Ndiyo sababu tunawaambia jamaa walioko huko, na ninyi mlio na watoto na ndugu huko mwaambieni: hakuna idara ya serikali inayopokea kodi kwa kadi za dukani. Likitajwa neno hilo, mazungumzo yamekwisha.

Wakuu wa nchi hiyo hawakukaa kimya. Sheria ya 1991 ilikataza simu za sauti zilizorekodiwa kupelekwa majumbani bila ya ridhaa ya wenyewe, isipokuwa katika mambo machache. Mwaka 2003 likafunguliwa daftari la taifa ambamo mtu huandikisha namba yake ili wafanya biashara wasimpigie. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2010 ikafanya kuwa kosa kupeleka namba ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudhuru. Kisha, kwa sheria ya Desemba 2019, makampuni makubwa yalitakiwa hadi kufikia 30 Juni 2021 yawe yametia katika mitambo yao namna ya muhuri: kampuni inayoianzisha simu huugonga, kuthibitisha kwamba mpigaji ana haki ya namba ile, na kampuni inayoipokea huukagua. Kazi hiyo ni njema. Walakini muhuri hupotea simu ipitapo katika mitambo ya zamani. Tena muhuri hushuhudia namba tu, haushuhudii moyo wa mpigaji. Tapeli aliyeikodi namba yake kwa halali hupata muhuri safi. Ama lile daftari la 2003, mtu mwenye kutii sheria hulisoma, mwizi halimhusu. Ni kama kuandika mlangoni kwamba wezi wasiingie.

Na sasa hata sauti si dalili. Januari 2024, siku mbili kabla ya uchaguzi wa awali katika jimbo la New Hampshire, maelfu ya watu walipigiwa simu yenye sauti mfano wa sauti ya Joe Biden, aliyekuwa rais wakati huo, ikiwashawishi wasipige kura siku ile. Sauti ilikuwa imetungwa na kompyuta. Namba iliyoonekana ilikuwa ya mtu mwingine wa jimbo hilohilo, asiyekuwa na habari. Februari mwaka huohuo Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikatamka kwamba sauti za kutungwa zimo katika katazo la 1991, na Septemba ikamtoza faini ya dola milioni 6 mshauri wa siasa aliyezipanga simu zile. Ikiwa sauti ya rais yaweza kuigizwa, basi sauti ya mwanao, ambayo umeisikia ikisambazwa katika ujumbe wa harusi na wa hitima, haina kinga.

Hapa, ndugu Waislamu, tuikumbuke kanzu ya Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Ndugu zake walimtia kisimani, wakarudi kwa baba yao wakati wa usiku wakilia, na pamoja nao kanzu iliyopakwa damu ya uongo. Itazameni vizuri hila ile. Kanzu ilikuwa ya Yusuf kweli. Lau Nabii Yaakub angeulizwa kama kanzu ile anaijua, asingeweza kuikana. Uongo haukuwa katika nguo. Ulikuwa katika kile kilichopakwa juu yake, na katika ndimi za walioileta. Ndivyo ilivyo namba ya benki yako inapokupigia. Namba ni ya benki kweli, umeiona katika barua zao. Kilicho cha uongo ni mkono ulioishika. Wala msisahau kwamba walikuja wakilia. Ayari wa leo naye hulia, au humliza mtu nyuma yake ili msikie. Na baba yule, pamoja na msiba uliomfika, na pamoja na kuishika kanzu ya mwanawe mkononi, hakuipokea kanzu kuwa ushahidi. Aliona kwamba nafsi zao zimewapambia jambo, akashikamana na subira.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki mambo yana sura yake. Simu za kompyuta hazijatusumbua kama zilivyowasumbua Wamarekani. Wa kwetu hupiga kwa mikono yao wenyewe, au huandika ujumbe. Tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu, Kenya 2007 na Tanzania 2008, mfuko wa kila mtu umekuwa karibu na sikio lake. Wala hawana haja kubwa ya kughushi namba, maana hupata laini zilizokwisha sajiliwa kwa majina ya watu wengine. Bahasha ni ileile, jina la nyuma ni la mwingine.

Mnayajua mambo yao. Ujumbe hufika ukisema ile fedha itume kwa namba hii, badala ya ile. Mpelekaji hajui kama una fedha ya kumtumia mtu. Ameupeleka kwa watu wengi sana, akitaraji kwamba miongoni mwao yumo mmoja ambaye saa ileile alikuwa anataka kumlipa fundi au mwenye nyumba. Huyo mmoja hulipa bila ya kufikiri. Au hufika ujumbe unaofanana na stakabadhi, ati umepokea kiasi kadhaa, na mara simu inalia: "Nimekosea, ndugu yangu, nirudishie." Mtu mwenye imani huona haya kukaa na mali ya mwenzake, akaharakisha kurudisha kitu ambacho hakikumfikia. Dawa yake ni kutazama salio lenyewe, usiutazame ujumbe. Na yako mambo ya mlio mmoja kutoka namba ya nchi ya mbali, simu ikakatika, ili wewe upige utozwe gharama kubwa. Hilo halihitaji maneno mengi, usipige.

Lakini lililo baya kuliko yote ni lile linalowafika wazazi wa wanafunzi. Simu hulia saa nne ya asubuhi. Anayepiga hujitaja kuwa mwalimu, au daktari. Mtoto ameanguka, yuko hospitali, anatakiwa kupasuliwa, na fedha itumwe sasa hivi. Jina la mtoto analijua na shule anaijua. Mzazi hana muda wa kupumua. Twamjua mama mmoja aliyeiuza cherehani yake kwa bei ya kutupa, akalipia matibabu ambayo mwanawe hakuyahitaji; kijana alikuwa darasani, mzima, na daftari lake mbele yake. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikimlipia karo.

Basi sharia inatutaka nini?

Kwanza, kila nyumba ina haki ya kutofungua. Katika Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu ametufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tumeomba idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na kwamba tukiambiwa turudi, basi turudi, na hilo ndilo safi zaidi kwetu. Na Mtume ametufundisha kwamba hodi ni mara tatu, kisha mtu aondoke. Wengi wetu tumelelewa tuone kwamba kumkatia mtu simu ni utovu wa adabu. Adabu hiyo ni njema kwa mgeni anayebisha hodi kama ilivyoamrishwa. Ama mwenye kupiga mara kumi, mwenye kuficha jina, na mashine isiyokuwa na masikio ya kusikia jibu, hao hawana haki hiyo kwetu. Tumeulizwa pia juu ya yule anayeanza kwa Assalaamu alaykum, kwa maana wanajua kwamba salamu huilainisha nafsi ya Muislamu. Mrudishie salamu yake, kisha ukate. Kuitikia salamu hakukulazimishi kuitikia maombi. Na sauti ya mashine inapokutaka ubonyeze tarakimu ili wasikupigie tena, usibonyeze. Utakuwa umewajulisha kwamba nyuma ya namba hii yuko mtu anayesikiliza.

Pili, kuthibitisha. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuipeleleza habari inayoletwa na mtu mpotovu, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Hebu zingatieni kwamba aya haikusema tuitupe habari hiyo. Pengine mtoto ni mgonjwa kweli. Imesema tuipeleleze. Na njia ya kupeleleza ni nyepesi: kata simu, kisha piga wewe. Namba utakayoipiga iwe ile uliyoipata mwenyewe kwa njia nyingine, kama iliyoandikwa nyuma ya kadi ya benki, au ile uliyopewa na msimamizi wa bweni siku ulipompeleka mtoto shuleni. Isiwe ile aliyokutajia mpigaji. Hata ile iliyoonekana kwenye kioo usiibonyeze tu kuirudia. Itafute mwenyewe palipoandikwa. Ayari aweza kuandika jina la benki nyuma ya bahasha, lakini barua utakayoiandika wewe kwa anuani sahihi ya benki itafika benki, haitafika kwake. Yako makampuni yaliyotangaza namba moja tu ambayo kwayo huwapigia wateja. Ni vizuri kuijua, walakini kumbukeni kanzu.

Atakuambia usikate simu. Atakuambia usimwambie mtu. Atakuambia kwamba dakika tano zikipita jambo litaharibika. Hizo ndizo alama zake, na ni bora kuzitegemea kuliko namba, kwa maana namba hubadilika kila siku na alama hizo hazibadiliki. Afisa wa kweli hataki namba ya siri ya fedha zako, hataki tarakimu zilizoletwa kwako kwa ujumbe sasa hivi, wala hakasiriki ukimwambia kwamba utapiga wewe.

Enyi wanafunzi, kazi hii ni yenu. Ninyi mnaijua simu kuliko babu na bibi zenu. Kaeni nao jioni moja. Waandikieni namba za shule, za zahanati na za benki kwa maandishi makubwa, ziwekwe ukutani. Na kila nyumba ichague neno lake moja, neno la ndani lisilopelekwa kwa ujumbe wala kuandikwa mahali, ili sauti ya mtoto ikija ikilia, iulizwe neno lile. Walioko Tanzania na Kenya wanaweza kubonyeza *106# na kutazama laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Atakayeona namba asiyoijua aende kwa kampuni yake akaikane. Na Tanzania namba ya tapeli hupelekwa kwa ujumbe wa 15040, ili ifungwe. Kufanya hivyo hakuingii katika kusengenya. Ni kumzuilia dhulma yule atakayepigiwa baada yako.

Liko jambo ambalo hatupendi kulipita. Mama yule aliyeuza cherehani hakuumizwa na hasara peke yake. Aliumizwa na vicheko. Majirani walimuuliza vipi mtu mzima adanganywe hivyo, na mwisho akaacha kwenda hata kwenye darsa la akina mama. Enyi Waislamu, aliyefanya dhambi ni mwizi. Aliyeibiwa ni mtu aliyemhofia mwanawe. Tukimcheka huyu, watakaoibiwa kesho watanyamaza, na unyamavu wao ndio mtaji wa ayari. Mwenye kuibiwa aseme siku ileile, aiambie kampuni na polisi, maana fedha hukaa saa chache tu kabla ya kutolewa, na wakati mwingine huwahiwa ikazuiliwa.

Na mwengine wa kuhurumiwa ni mwenye namba iliyoazimwa bila ya habari yake. Amelala kwake, anaamka anatukanwa na watu asiowajua, kila mmoja akimwita mwizi. Namba yake ndiyo iliyoonekana, yeye hakupiga. Basi ukipigiwa simu ya hadaa, usirudi kupiga kwa matusi. Waweza kumtukana asiye na hatia, na tumekatazwa dhana mbaya katika sura ileile ya Al-Hujurat.

Sasa tunasema na wa kwetu. Laini haisajiliki peke yake. Tanzania ilipoamuru kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 zikaanza kufungwa zisizosajiliwa, ilitarajiwa kwamba mlango wa hila utazibwa. Nani ameufungua tena? Ni wakala anayemwambia bibi mzee kwamba kidole chake hakikusoma, aweke mara ya pili na ya tatu, kumbe kila mara anasajili laini nyingine. Ni kijana anayepewa fedha kidogo akasajili laini kwa jina lake, akampa mtu asiyemjua, akisema kwamba yeye hakuiba. Ni msichana anayeajiriwa kupiga simu na kusoma maneno aliyoandikiwa. Na yumo mzazi anayeona simu mpya na viatu vipya kwa kijana asiye na kazi, akanyamaza kwa kuwa naye analetewa mkate na nyama.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni Madina kwa mwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikarudi na umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Na Mtume akamtenga mwenye kughushi na njia yake. Mtu yule hakuchukua mali ya mtu kwa nguvu. Alipanga kikavu juu na kibichi chini, basi. Sasa mpimeni anayepanga namba ya benki juu na wizi chini.

Na atakaye kutubu, toba yake haitimii kwa kulia msikitini. Haki ya mja hurudishwa kwa mja. Ikiwa mwenye mali anajulikana, arudishiwe, hata kama ni kwa siri na kidogo kidogo. Ikiwa baada ya kumtafuta hakupatikana, wanavyuoni wengi wamesema mali hiyo itolewe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, na akitokea siku moja akaitaka, alipwe. Laini alizosajili azipeleke zifungwe leo, si baada ya Ijumaa ijayo. Mwenye kuona haya kwenda mwenyewe, na aje kwa imamu wa mtaa wake baada ya sala. Mlango uko wazi, na hapa hataulizwa namba.

Ewe Mola wetu, warudishie waliodhulumiwa kilicho chao, na uzitulize nyoyo za wazazi kila simu inapolia.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.